Bingo ya Kimeksiko Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Lotería ya Kuchapisha

Wenyewe Wameksiko wanaiita lotería. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mtu anapotaka kuandaa sherehe yenye ladha ya Meksiko, iwe nyumbani, kanisani au kwenye darasa la Kihispania. Ukiwa na haraka, soma lile la vitu vya kuchapisha na lile la msoma karata. Mengine utayarudia ukikwama.

## Mambo ya mwanzo

Lotería ina tofauti gani na bingo ya kawaida?

Bingo ya kawaida ni ya namba, lotería ni ya picha. Kila mchezaji anapewa tabla, yaani ubao wa karatasi wenye picha 16 zilizopangwa nne kwa nne. Msoma karata anashika karata 54, kila moja na picha, jina na namba yake: jogoo (El Gallo) ni namba 1, nguva (La Sirena) ni 6, mwezi (La Luna) ni 23, tikiti maji (La Sandía) ni 28, mpaka chura (La Rana) anayefunga hesabu kwa 54. Karata inavutwa, inaitwa, na mwenye picha hiyo anaifunika. Wa kwanza kukamilisha mpangilio mliokubaliana anapaza sauti: "¡Lotería!" au "¡Buenas!".

Kisanduku cha bure cha katikati, kama kile cha bingo ya Marekani, hakipo. Na kwa kuwa mchezo unakwenda kwa picha, asiyejua kusoma hana hasara yoyote.

Ulianzia wapi?

Mizizi yake ni Italia. Ukapita Hispania, ukavuka bahari hadi Meksiko katika karne ya 18, wakati wa ukoloni. Picha ambazo dunia inazijua leo zilienezwa na Clemente Jacques, Mfaransa aliyefanya biashara ya vyakula vya makopo nchini Meksiko. Seti yake ilitoka mwaka 1887 na mpaka sasa ndiyo watu wanayoifikiria wakisikia neno lotería. Si ya pekee lakini. Campeche, kwenye rasi ya Yucatán, wana yao yenye picha 90.

Cinco de Mayo si ndiyo siku ya uhuru wa Meksiko?

Hapana, na ukiandika hivyo kwenye kadi ya mwaliko halafu mgeni mmojawapo awe Mmeksiko, utasahihishwa mbele za watu. Tarehe 5 Mei 1862 jeshi la Meksiko chini ya Jenerali Ignacio Zaragoza liliwashinda Wafaransa kwenye mji wa Puebla. Ulikuwa ushindi wa heshima kubwa, ingawa Wafaransa walirudi mwaka uliofuata na kuutwaa mji. Leo siku hiyo inasherehekewa kwa kishindo zaidi Marekani kuliko Meksiko, ukiondoa Puebla kwenyewe.

Uhuru ni tarehe 16 Septemba, kukumbuka mwito wa padri Miguel Hidalgo katika mji wa Dolores mwaka 1810. Sherehe huanza usiku wa tarehe 15, rais anapotoka kwenye roshani ya ikulu jijini Mexico, akapiga kengele na kuita "¡Viva México!" mbele ya umati.

Basi nichague sikukuu ipi?

Kwa maoni yangu, usiku wa 15 Septemba au posada. Usiku wa Septemba familia hukaa pamoja zikisubiri saa ya mwito, kuna pozole (supu ya mahindi na nyama) jikoni, na lotería ni mchezo wa kusubiria. Posada ni zile jioni tisa za kuanzia 16 hadi 24 Desemba ambapo watu huigiza Yosefu na Maria wakitafuta mahali pa kulala, kisha kuna piñata (pambo lililojazwa peremende, hupigwa kwa fimbo mpaka lipasuke), tamales (unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa kwa mvuke) na ponche, kinywaji cha moto chenye matunda. Kwa walio kwenye jumuiya za kanisa hii inaingia vizuri kabisa, hata mahali pasipo na Mmeksiko hata mmoja.

Siku ya Wafu, 1 na 2 Novemba, inafaa pia, ila hiyo ni siku ya kuwakumbuka marehemu wa familia. Mchezo ukiwepo, uje baada ya madhabahu ya ukumbusho kuwekwa na maua yake ya njano, usiwe ndio sababu ya watu kukusanyika.

Lazima nijue Kihispania?

Hapana. Andika jina la Kihispania juu na la Kiswahili chini yake kwenye kila picha, imetosha. Kwa matamshi Mswahili ana bahati: irabu ni zilezile tano. Kumbuka tu kwamba j husomwa kama kh ya "kheri" (Las Jaras ni "las kharas"), ll husomwa kama y (La Botella ni "la boteya"), na h haisomwi, isipokuwa ikiwa kwenye ch.

## Kuchapisha na kutengeneza

Nichapishe nini, na kurasa ngapi?

Vitu viwili: karata za msomaji, na tabla za wachezaji. Karata 54 zinaenea tisa kwa tisa kwenye kurasa sita za A4 bila kubaki nafasi. Tabla moja huchukua ukurasa mmoja. Ukitaka kubana matumizi, weka mbili kwa ukurasa na ukate katikati, ila picha zitakuwa ndogo kwa wazee.

Kwa wageni 20, basi: kurasa 6 za karata, 20 za tabla, na tabla chache za akiba, maana lazima mmoja amwagikiwe na soda na mwingine aje na binamu yake. Kama faili umelitoa kwenye intaneti na limetengenezwa Marekani, huenda limepangwa kwa karatasi yao ambayo ni fupi na pana kidogo kuliko A4. Chagua "tosheza kwenye ukurasa" kabla ya kuchapisha, na utoe ukurasa mmoja wa majaribio kwanza.

Karatasi gani inafaa? Printa ya rangi ni lazima?

Tabla zinaweza kutoka kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80 kama ni za siku moja. Karata za msomaji zinataka karatasi ngumu, manila au ya gramu 160 kwenda juu, kwa sababu zinachanganywa tena na tena, na kwenye karatasi nyepesi picha inaonekana kwa nyuma. Rangi si lazima. Weka nyeusi na nyeupe, wape watoto kalamu za rangi nusu saa kabla ya mchezo, na kazi ya kuwatuliza imekwisha. Ukitaka zidumu, peleka stesheneri zikawekewe nailoni. Ni gharama, lakini hutachapisha tena mwakani.

Nitatengenezaje tabla zangu bila zifanane?

Hili ndilo kosa kuu la lotería za nyumbani: mtu anatoa tabla moja, anaifotokopi mara 20, na raundi ya kwanza wanapaza sauti wote 20. Kila tabla lazima iwe na mchanganyiko wake. Nafasi zipo tele. Kwa picha 54, ukichukua 16 kila mara, michanganyiko inayowezekana inazidi trilioni 21, hata kabla hujabadili mpangilio wa picha kwenye ubao.

Njia ya mkono: changa karata, panga tatu za mwanzo kama mwanzo wa tabla ya kwanza, ya pili na ya tatu, endelea hivyo mpaka kila tabla ifike picha 16. Hapo umetumia 48, zimebaki sita. Piga picha kwa simu, kusanya, changa upya, tengeneza tatu nyingine. Faida yake ni kwamba picha hairudiwi ndani ya kundi la tabla tatu, kwa hiyo zinasambaa vizuri. Ukiokota ovyo kwa kila tabla peke yake, kwenye tabla 10 utakuta wastani wa picha moja au mbili ambazo hakuna mchezaji hata mmoja aliyenazo, na msomaji ataziita kwa watu waliokaa kimya.

Njia ya kompyuta: andika majina 54 kwenye safu moja ya lahajedwali, safu ya pembeni weka =RAND() inayotoa namba za bahati nasibu, panga kwa safu hiyo, chukua 16 za juu. Rudia.

Naruhusiwa kuchapisha zile picha maarufu za Don Clemente, yaani Clemente Jacques?

Michoro hiyo ni alama ya kibiashara, na kampuni yenye seti hizo bado inauza. Kucheza sebuleni ni jambo moja; kuuza tabla, kuchapisha fulana au kuweka faili hadharani ni jambo jingine. Mchezo wenyewe na majina kama "jua" au "jogoo" si mali ya mtu. Kwa hiyo njia safi ni kuchora zako, au kutumia michoro ambayo mwenyewe ameandika wazi kwamba inaruhusiwa. Michoro ya watoto inapendeza kuliko unavyodhani, hasa nge (El Alacrán) akichorwa na mtu ambaye hajawahi kumwona.

## Siku yenyewe

Msoma karata afanye nini hasa?

Hapa ndipo sherehe inaponoga au kupoa, na ndipo waandaaji wengi wanaposahau kujiandaa. Wanahangaikia wino na mapambo, halafu karata wanampa yeyote aliye karibu, anasoma "jogoo… pera… sufuria…" kama anaita majina ya mahudhurio. Meksiko anayesoma anaitwa cantor au gritón, na kazi yake ni kuchangamsha. Anafungua kwa "¡Corre y se va corriendo con…!" (yaani "inakimbia, inakwenda mbio na…!") kisha haiti jina peke yake, anaizungushia maneno. Jua ni "blanketi la maskini". Mwezi ni "taa ya wapendanao". Mwavuli ni "wa jua na wa mvua". Ngazi: "nipande hatua kwa hatua, usirukeruke". Kamba wa majini (El Camarón) huja na methali yake, kwamba kamba akilala mkondo humchukua. Jogoo ni yule aliyemwimbia Mtakatifu Petro na hatamwimbia tena. Wasomaji hodari hutunga vya kwao papo hapo, vikiwataja walio mezani.

Mswahili hahitaji kufundishwa mchezo huu, maana vitendawili anavyo. Msomaji avute karata, asiionyeshe, aseme "Kitendawili!" na meza ijibu "Tega!" Kwa moyo (El Corazón): "Nina saa ambayo haijapata kusimama tangu itiwe ufunguo." Kwa nyota (La Estrella): "Blanketi la babu lina chawa." Wanaojua wanafunika upesi, wasiojua wanachungulia kwa jirani, na baada ya pumzi mbili msomaji anaonyesha karata na kutaja jina ili asiachwe mtu. Usitege kwa karata zote 54, mtachoka. Kumi na tano zinatosha, nyingine ziitwe kwa maneno mafupi.

Jambo la mwisho: karata zilizoitwa zipangwe mezani kwa mfuatano, zisirudishwe kwenye rundo. Utazihitaji wakati wa kuhakiki.

Tufunikie kwa nini?

Maharagwe makavu, kama wanavyofanya wengi Meksiko, au punje za mahindi, au vizibo vya soda. Kila mtu apewe kama 20. Kalamu iepuke, inaua tabla kwa raundi moja.

Njia za kushinda ni zipi, na raundi moja inachukua muda gani?

Zinazotumika sana: mstari wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, pembe nne, picha nne zinazokaa pamoja kama mraba, na tabla nzima. Tangaza kabla ya karata ya kwanza, ikiwezekana chora ubaoni.

Muda unategemea umechagua ipi. Ukiwa na wachezaji 20 na mnatafuta mstari, kihesabu mshindi huwa tayari kwenye karata ya 14 au 15 hivi. Kwa sekunde tano kila karata, ni kama dakika moja na robo. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba "imeisha kabla haijaanza". Tabla nzima kwa watu haohao hufika karibu na karata ya 45. Na mkiwa wawili watatu tu, tabla nzima inakula karibu rundo lote.

Mpangilio ninaoupenda: raundi mbili za mstari ili watu wazoee, moja ya pembe nne, chakula, halafu tabla nzima kwa zawadi kubwa. Vitendawili viwe kwenye hiyo ya mwisho, ambako kuna nafasi ya kupumua.

Watu wawili wakipaza sauti pamoja?

Hakikini wote wawili: mchezaji anataja picha zake moja moja, msomaji anazitafuta kwenye zile alizopanga mezani. Wote wakiwa sahihi, wagawane, au kila mmoja avute karata moja na mwenye namba kubwa achukue. Aliyepaza sauti kimakosa anaendelea kucheza, kelele za wenzake zinamtosha kuwa adhabu.

Amueni mapema pia kuhusu aliyechelewa, yaani aliyekamilisha lakini akanyamaza mpaka karata nyingine ikaitwa. Wengi humhesabu amepoteza zamu kama mwingine amewahi. Kanuni yoyote ni sawa ilimradi ilitajwa kabla.

Zawadi gani?

Ndogo, nyingi, za kula. Peremende za tamarindi (ukwaju ule ule wetu, wao wanaupaka pilipili), chokoleti ya kusaga, mche wa kakati kwenye kopo.

## Hali za pekee

Je, hii si kamari?

Inategemea fedha zinatoka wapi. Meksiko kwenyewe mara nyingi kila mchezaji huweka sarafu na mshindi huzoa. Hiyo ni kamari hata kama ni senti. Mwandaaji akitoa zawadi mwenyewe na mchezaji asilipe chochote, hakuna anayepoteza mali. Kwa Waislamu wapo wanaojihadhari na mchezo wowote wa bahati hata pasipo dau, kwa hiyo kama wageni wako ni wa msimamo huo, muulize sheikh wenu kabla ya mwaliko kutoka.

Ukiuza tiketi kwa umma, hata kwa kuchangia shule au kanisa, sheria inaingia. Tanzania ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na Marekani kila jimbo lina sheria zake kuhusu bingo za hisani.

Kuna picha za shetani, mlevi na kifo. Niziache?

El Diablito, El Borracho na La Muerte zimo kweli. Kwa sherehe ya watoto wa shule ya Jumapili, zitoe na uweke nyingine. Mchezo hautadhurika mradi ubadilishe kwenye karata na kwenye tabla zote. Kwa Siku ya Wafu, La Muerte na fuvu (La Calavera) zibaki, maana ndiko zinakohusu.

Vipi ile karata ya El Negrito?

Namba 26: mtu mweusi aliyevaa kitanashati, akiitwa kwa jina la kudogosha. Meksiko wengine wanaiona ya kawaida, wengine inawaudhi, na wasanii kadhaa wanaochora seti mpya wameiondoa. Mimi naiondoa. Mezani penye Waafrika hakuna sababu ya kumfanya mgeni acheke kwa adabu.

Nafasi yake weka Vicente Guerrero, rais mwenye asili ya Afrika aliyetoa amri ya kufuta utumwa Meksiko mwaka 1829. Ni nafasi nzuri pia ya kuwaambia watu kwamba Wameksiko weusi wapo: katiba iliwatambua mwaka 2019, na sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni mbili na nusu, na jamii zao za kihistoria zipo pwani ya Guerrero, Oaxaca na Veracruz. El Apache (mtu wa kabila la asili la Waapache), namba 38, ina tatizo la aina hiyohiyo. Mahindi yanakaa vizuri pale.

Kofia kubwa na masharubu ya bandia yanakubalika?

Ruka. Papel picado, zile karatasi za rangi zilizotobolewa na kutundikwa kwa kamba, inapamba vizuri zaidi, na mgeni Mmeksiko ataifurahia badala ya kujiona yeye ndiye vazi.

Wageni ni wengi kuliko tabla. Nifanyeje?

Wacheze wawili wawili kwa tabla moja. Usifotokopi, sababu iko kwenye swali la kutengeneza tabla.

Tunaweza kucheza na ndugu walio mbali kwa simu?

Inawezekana. Watumie kila mmoja tabla yake kwa WhatsApp siku moja kabla, wachapishe au wafunike kwa kuchora alama juu ya picha hiyo hiyo kwenye simu. Piga simu ya video, msomaji aonyeshe karata kwenye kamera na ahesabu mpaka tatu kabla ya kuvuta nyingine, maana sauti huchelewa na aliye Muscat au Minneapolis asidhulumiwe na mtandao. Kuhakiki: mshindi anatuma picha ya tabla yake.

Karata zote 54 zimeisha na hakuna aliyeshinda. Imekuwaje?

Haiwezekani, kwa sababu rundo zima likiisha kila tabla inapaswa kuwa imejaa. Basi ama karata imepotea, ama umebadilisha picha kwenye tabla ukasahau kuibadilisha kwenye rundo (hutokea sana baada ya kuondoa El Negrito au El Diablito), ama watu walikuwa wanakula. Hesabu karata kwanza, kisha angalia chini ya sahani.